Koku, Aliyeuliza Nani Amebaki Nyumbani

Jamani, tangu Jumapili naandika nafuta, naandika nafuta. Koku wetu hayupo. Presha imemchukua ghafla, hata kuaga hakuaga.

Wengi mlimjua Koku wa Kiseke, Mhaya mwenye kicheko cha kusikika mpaka nje ya geti. Tulikuwa maafisa ustawi wa jamii, ofisi moja, meza zinatazamana.

Niwaambie siku moja tu.

Kipindupindu kilikuwa kimepamba moto. Kwenye kambi ya wagonjwa kulikuwa na mama mmoja, muuza dagaa wa Mabatini, kila akiwekewa dripu anaichomoa. Anataka kuondoka. Manesi wakamwona mkorofi.

Koku akachuchumaa kando ya kitanda. "Shikamoo mama. Nyumbani umemwacha nani?"

Mama akalia. "Mwanangu Mwalu. Ni mtu mzima, ila hatembei, haongei. Waliponibeba jana sikuwa na nguvu ya kusema."

Tangu jana!

Tulikimbia hadi kwake Mabatini. Majirani wamesimama mbali. Mmoja akasema, "Tulitaka kuingia, ila na sisi tuna watoto." Koku hakumlaumu. Akavaa glavu, akaingia.

Mimi nilibaki mlangoni. Nilijifanya napiga simu.

"We, usisimame hapo, chemsha maji!" Koku akaniita toka ndani.

Mwalu alikuwa hai. Midomo imekauka, kajichafua, macho yanamfuata Koku. Koku akamwogesha huku akimpigisha stori kama wako saluni, kisha akamnywesha uji, kijiko kimoja kimoja.

Mama alipoambiwa mwanawe amekula, alinyoosha mkono mwenyewe arudishiwe dripu.

Kesho yake kwenye kikao Koku akaomba lile swali liingie kwenye fomu ya kila mgonjwa. Bosi akasema, "Koku, hii ni emergency. Ustawi mtakuja baadaye."

"Baadaye tutakuta maiti, mkuu."

Hakupandisha hata sauti.

Swali likaingia. Wiki hiyo hiyo likatupeleka kwa mzee asiyeona aliyebaki peke yake, na kwa watoto wawili waliokuwa wamejifungia ndani wakimngoja mama yao. Wote wazima.

Koku, watu walinisifu na mimi kwa ile siku. Nikapokea sifa. Wewe ulijua niliogopa, na hukumwambia mtu hata mara moja, wala mimi hukuniuliza.

Leo nimesema mwenyewe.

Pumzika sasa, dada yangu. Una haki ya kuchoka.