Akina Mama Saba Mbele ya Kamera

Aibu hii nawapa mimi mwenyewe, maana sokoni Naviundu wanaisimulia na chumvi nyingi mno.

Mwaka wangu wa mwisho wa sekondari mwili uligoma: nikiingia tu darasani moyo mbio, pumzi inakata, natoka nje kama mwizi, na mtihani wa taifa ndio huo unakuja. Mwalimu mmoja akanipeleka kwa mwanasaikolojia, Docteur Solange, naye akaniambia nichague, kuja ofisini kwake au kuongea kwa video. Sasa ofisi yake ina benchi ya kusubiria nje, na mbele ya benchi anauza maandazi Mama Thérèse wa kikundi cha maombi cha mama yangu (huyo kueneza habari hahitaji redio). Nikachagua video. Mama alipouliza kila Alhamisi najifungia chumbani na nani, nikajibu, "Niko naomba na pasteur wa Likasi."

Alifurahi, masikini! Kwa sababu ya waya za masikioni alinisikia mimi tu, nalia, nasema siwezi kupumua, akaona kweli mtoto anaomba kwa nguvu, akawasimulia wenzake, na Alhamisi ya nne mlango ukafunguliwa, wakaingia akina mama saba, mama yangu mbele na chupa ya mafuta, akanipaka, wakapiga magoti nyuma yangu, na Mama Thérèse akachomoa waya: "Weka haut-parleur, na siye tusikie!"

"Elodie," ikasema sauti ya Docteur, "ukikaa darasani, mwili unakuwa je?"

"Amina!" wakajibu wote saba.

Docteur akawaona nyuma yangu. "Elodie, naweza kukata. Ni wewe utasema."

Nilijiona kwenye simu, mafuta yananitiririka puani. Tukikata, uongo wangu unapona, lakini mimi nabaki na ugonjwa wangu. Nikageuka.

"Mama, ule haiko pasteur. Iko psychologue. Naogopaka darasa mpaka pumuzi inakwisha. Nilikudanganya."

Mama akaifunga chupa polepole.

"Masiku yote ile ulikuwa unabeba hii maneno peke yako?" Kisha akawageukia wenzake. "Bamama, tutoke. Mutoto iko na docteur wake."

Nililia kwa aibu, na kwa furaha pia, siwafichi. Wiki haijaisha, wawili kati yao wakarudi, kila mmoja kivyake, wananong'ona wapewe namba ya Docteur kwa ajili ya binti zao. Nami nikaanza kwenda ofisini kwa miguu yangu, nikakaa kwenye benchi ile ile, nikanunua maandazi ya Mama Thérèse nikimtazama usoni.

Niliapa sitampa tena daktari kazi ya mchungaji. Na mtihani? Nilikaa hadi karatasi ya mwisho. Getini nikamkuta mama na kikundi chote, wala hakuuliza maswali yalikuwaje.

"Ulipumua?"

"Nilipumua, mama."

"Amina!" wakaitika wote saba, na safari hii nami niliitika.