Bibi Aliyekaa Juu ya Gunia Langu la Alizeti

Niite mwongo ukitaka, lakini kwanza soma mpaka mwisho. Mizimu ya watu wengine hutoka usiku. Wangu alikuja saa nane mchana, chumbani kwangu Unyambwa, mlango ukiwa na komeo kwa ndani.

Mimi hutengeneza tovuti. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa video na kwa kulia. Nikikosea nukta moja, silali. Siku hiyo kina mama wafuga kuku wa Issuna walikuwa na mnunuzi mkubwa, naye alitaka kuwaona kuku kwenye tovuti niliyowajengea. Ikafa. Kila ukiifungua, ukurasa mweupe na ujumbe kwamba memori imejaa. Mwenyekiti wao, Mama Sara, akapiga simu.

"Mwanangu, mgeni ameshakunywa chai vikombe viwili. Tumwonyeshe nini, ukuta?"

"Dakika kumi tu, mama."

Nikaongeza memori. Ikajaa. Nikaongeza tena. Ikajaa. Nikaanza kuomba kwa dini zote mbili.

"Siku hizi vijana mnasalimia kompyuta tu?"

Nikageuka. Bibi mmoja, kanga ya njano, amekaa juu ya gunia langu la alizeti. Niamini: dirisha lenye nondo lilikuwa wazi, na upepo wa Singida unaujua. Karatasi zangu zilikuwa zinaruka chumba kizima, lakini kanga yake haikutikisika hata ncha.

"Shi... shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unalia nini?"

Wewe ungefanyaje? Nilimweleza. Kuna kitu kinakula memori, na kila ninayoongeza inaliwa.

"Kuku wako akila mayai, unamnunulia mayai mengine?"

"Hapana, bibi. Unawafunika kwenye tenga mmoja mmoja mpaka umjue anayekula."

"Sasa?"

"Nimefanya hivyo!" Tovuti ina plagini, vijiprogramu vya kuiongezea kazi. "Nimezizima zote, moja moja."

"Zote?"

Nikahesabu tena. Moja sikuigusa: ile niliyoiandika mwenyewe kwa wiki tatu, ya kupunguza ukubwa wa picha. Niliipa mpaka jina la marehemu babu. Ningeishukuje?

Bibi akacheka. "Kumbe kuna kuku analala kitandani."

Nikaizima. Tovuti ikafunguka palepale. Kumbe mtu akifungua ukurasa mmoja tu, plagini yangu ilikuwa inabeba picha za kuku wote wa Issuna kuzipunguza upya! Nikageuka nimshukuru. Hayupo. Komeo liko vilevile. Kwenye vumbi la sakafu kulikuwa na nyayo za kuku, kutoka kwenye gunia mpaka ukutani. Hazikurudi.

Simu ikalia. "Amekubali, mwanangu! Umewezaje?"

Hapo ndipo nilipoharibu.

"Nimegundua mwenyewe, mama."

Asubuhi yake nilikuta yai juu ya kibodi. Sifugi kuku. Nikajiambia ni jirani. Lakini tangu hapo, kila nikijisifu, yai. Juzi nilimwambia mteja kwamba kazi yangu haina kosa. Yakawa mawili, na moja bado la moto.

Kwa hiyo nakiri mbele yenu nyote: sikugundua mimi, ni bibi. Naomba yaishe.

Na wewe unayejenga tovuti, memori ikiliwa usiongeze. Anza kuzima kile unachokipenda. Ukihisi kuna mtu nyuma yako, usiulize ameingiaje. Toa shikamoo.