Bagi Lisilorudi Nyuma

Nimeendesha magari ya watu miaka thelathini na sijawahi kugonga hata ndoo. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani yaliyonipata yalinipata kwa kutojua kuendesha. Nilikuwa dereva wa mkubwa mmoja Milimani, Kisumu, nikikaa chumba cha nyuma ya nyumba yake. Kila jioni niliingiza gari lake refu kinyumenyume kati ya ukuta na tangi la maji, kila upande pakiwa pamebaki nafasi ya kupitisha mkono tu. Mama mwenye nyumba aliwahi kuwaita wageni watoke nje waone. Mtaa mzima nilijulikana kwa hilo.

Nilipostaafu nilitaka gari langu. Sikutaka la kupeleka mke wa mtu saluni. Nilikuwa nimeona picha za yale magari mepesi ya kukimbilia mchangani, yanayoitwa bagi, mifupa mitupu, hayana milango wala mwili, magurudumu ya nyuma mapana, nikaona hicho ni kitu ambacho mtu anaweza kujitengenezea. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mpole aliyehamia Kisumu kutoka Vihiga, ambaye siku zote alitengeneza mageti na madirisha. Tulitafuta mabomba, injini ya bodaboda iliyopata ajali, cheni, usukani na viti viwili vya gari lililokufa. Ilituchukua miezi minne. Mke wangu, ambaye ana duka la nafaka Awasi na huja Kisumu Jumapili, aliliangalia mara moja akauliza kama litavishwa baadaye.

Fundi aliniambia jambo moja kabla hatujafunga injini.

"Mzee, injini ya pikipiki haina gia ya kurudi nyuma. Ngoja nitafute giaboksi ya tuktuk, tuifunge hapa."

"Itachukua muda gani?"

"Wiki tatu. Labda mwezi."

"Bodaboda zote za mji huu hazina gia ya kurudi na watu wanafika."

"Bodaboda unaigeuza kwa mkono, mzee. Hili ni kilo mia mbili na kitu."

Nikamwambia nimerudi nyuma miaka thelathini kwa ajili ya watu, sasa naenda mbele. Nilijiona nimesema maneno makubwa kweli. Fundi alipangusa miwani yake kwa shati, akaendelea na kazi.

Haraka yangu ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa ndugu yangu mdogo. Kwetu ni ufukweni, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Luanda Kotieno, pale feri ya Mbita inapofika. Katika boma la baba yetu kila mtoto wa kiume ana mahali pake pa kujenga. Ukisimama mlangoni kwa mama ukaangalia lango, mkono wa kulia ni wa mtoto wa kwanza, wa kushoto ni wa pili. Na wa kwanza ndiye huanza. Mdogo hamruki mkubwa, hata awe na pesa za kujenga ghorofa; kumruka ni kumhesabu kati ya wafu. Wa kwanza ni mimi.

Kila mwaka nilisema mwaka ujao. Ndugu yangu alinipigia simu mara tatu. Ukuta wa kibanda chake umeanza kuanguka, watoto wanne wanalala upande mmoja, tafadhali nije hata nisimamishe nguzo nne na bati ili naye aanze. Mara zote tatu nilimwambia angoje, na mara ya tatu nilimkatia simu. Hakupiga tena. Akajenga.

Nilimtumia ujumbe wa maneno matatu: Umenizika nikiwa hai. Miaka sita hatukusemezana, wala sikukanyaga nyumbani. Niliwaambia watu kwamba amejitwalia boma lote pamoja na mahali pangu. Hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, nikajiamini.

Hilo la kuzikwa halikuwa maneno matupu. Kwetu mtu akifa kabla hajajenga kwao huwa ni kazi. Maiti inaletwa na hakuna mlango wa kuilaza mbele yake. Langoni haipiti. Wazee hutoboa tundu kwenye ua, ikapitishwa hapo, halafu watu wanajenga kibanda cha haraka haraka ili marehemu aonekane alikuwa na nyumba. Nilikuwa nimefika miaka sitini. Nililiwaza tundu hilo mara nyingi kuliko ambavyo ningekubali kumwambia mtu, na kila nikiliwaza nilimkasirikia ndugu yangu upya.

Basi nilitaka anione nikipita. Nisisimame, nisisalimie, nipite tu juu ya kitu changu. Kama ni utoto, ulikuwa utoto.

Kuna lori la samaki linaloondoka Kisumu asubuhi na barafu peke yake, na saa kumi jioni linaanza safari ya kurudi limejaa mbuta. Dereva wake ni rafiki yangu wa zamani. Tulipakia bagi juu ya masanduku, tukalishusha Luanda Kotieno saa nne na nusu. Pale ufukweni nililikimbiza mizunguko sita. Wanawake waliokuwa wameanika dagaa wa omena juu ya nyavu walinitazama kwa jicho la onyo nisije nikapita juu ya nyavu zao, halafu mmoja akapiga kelele, "Mzee, nguo za gari umeziacha wapi?" Wengine wakashika tumbo kwa kicheko. Nilicheka nao. Mchanga uliruka nyuma yangu, usukani ukanitii, na nilifurahi mno. Sikumbuki ni lini kabla ya hapo nilikuwa nimefurahi hivyo.

Kisha nikashika barabara ya nyumbani. Kando ya boma letu kuna njia ya zamani inayoshuka kutoka barabarani hadi majini, ambako tulikuwa tukichota maji na kuoga. Mpango wangu ulikuwa kushuka polepole injini ikinguruma, nionekane vizuri, nifike chini, nipinde kulia na kurudi kwenye feri kwa ufukwe. Njia ni nyembamba. Kushoto kuna ua wa minyaa wa boma, kulia kuna korongo lililochimbwa na mvua. Nilishuka.

Njia haikufika majini. Miaka hii viboko wanapanda kutoka ziwani kula mahindi ya watu, na ndugu yangu alikuwa ameziba chini kabisa kwa nguzo, miiba na seng'enge, kutoka kwenye minyaa hadi ukingoni mwa korongo. Nilikanyaga breki, bagi likasimama hatua moja kutoka kwenye seng'enge. Mkono wangu ulienda kwenye gia wenyewe, ukatafuta kitu ambacho hakipo. Nyuma yangu kulikuwa na mlima mzima wa mchanga.

Nilishuka, nikashika bampa ya nyuma, nikainua. Likasogea kiasi cha shubiri moja, halafu likazama. Nikajaribu tena, mgongo ukalia. Palikuwa na sehemu ya ua ambapo minyaa ilikuwa imekufa, pamezibwa kwa miti miwili, na katikati yake nilimwona ndugu yangu. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha nyumba yake, wavu magotini, anashona. Alikuwa ananitazama. Alikuwa amezeeka.

Alirudi kushona. Nami nikarudi kukaa kwenye kiti changu nikashika usukani, kana kwamba nimesimama hapo kwa kupenda. Jua lilikuwa kali na bagi halina paa. Namba yake ya simu bado nilikuwa nayo. Nikaitoa, nikaitazama, nikairudisha mfukoni. Ilipita karibu saa nzima hivyo, wanaume wawili wazima wenye wajukuu.

Hatimaye aliweka wavu chini akaja na panga. Aliondoa ile miti miwili, akakata minyaa huku na huku, utomvu mweupe ukimtiririkia mkononi, mpaka nafasi ikatosha gurudumu kwa gurudumu. Pua ya bagi ilikuwa inaelekea karibu na pale. Ningepinda usukani kidogo tu ningeingia bomani, nizunguke nyumba, nitokee langoni. Akasogea kando, akanionyesha kwa mkono nipite.

Mtu mwingine yeyote angepita na kushukuru. Mimi nililitazama lile tundu kwenye ua wa baba yangu na damu ikanipanda.

"Hapo sipiti," nikasema. "Mimi si maiti."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake baada ya miaka sita. Ndugu yangu aliliangalia tundu, akaniangalia mimi, akaliangalia tundu tena, na hapo nikaona kwamba hakuwa amewaza. Yeye alikuwa anawaza gari tu. Akashika kichwa. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini na panga lake.

"Omera, ndugu yangu," alisema alipopata pumzi, "basi lirudishe nyuma."

"Halirudi."

"Halirudi vipi?"

"Halina gia ya kurudi nyuma."

"La nani? Lako? Wewe wa kuingiza gari la mkubwa kinyumenyume mpaka wageni wanaitwa?"

"Langu."

"Haki ya Mungu," akasema, akamwita mkewe aje na kamba ya mtumbwi.

Tulilipandisha mlima ule kwa makalio. Kamba tuliifunga nyuma, shemeji akavuta, sisi wawili tukainua bampa bega kwa bega, hatua tatu, halafu shemeji anakimbia kuweka jiwe chini ya gurudumu lisiteremke. Tunapumzika, tunaanza tena. "Shemeji," aliniambia, "ungetuletea punda tu tungeshukuru zaidi."

Katikati ya mlima, tukiwa tumeinama, ndugu yangu alisema bila kunitazama, "Nilikupigia mara tatu."

"Najua."

"Ya nne ilikuwa nikuambie ukuta umemwangukia mtoto mguuni. Nikaona nitakatiwa simu tena."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Niliona aibu. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika chuma na sikuwa na mahali pa kuuficha uso. "Nilikosa," nikasema. Yeye akasema tuinue, tukainua.

Tulipofika barabarani tuligeuza pua kwa mikono. Ilikuwa saa tisa na robo. Kushoto ni feri na lori, nami nilikuwa nimewaambia linaondoka saa kumi. Ndugu yangu alikunja kamba akaiweka begani, akasema lango liko pale pale lilipokuwa, akatangulia na mkewe bila kuangalia nyuma. Nikawasha. Nikaingia kwa lango.

Nyumba ya mama bado ilikuwa imesimama, imekandikwa kwa udongo mpya. Nyumba ya ndugu yangu ilikuwa upande wake wa kushoto, haikuvuka hata hatua moja kuja katikati. Upande wa kulia, upande wangu, nilitarajia kuona zizi, au mihogo, au choo. Palikuwa patupu. Udongo ulikuwa umelimwa, umevunjwavunjwa vizuri, kingo zimenyooshwa, bila jani hata moja, wakati kila mahali pengine bomani maharagwe yalikuwa yamefika magotini.

"Mmevuna nini hapa?" nikamuuliza shemeji.

"Hapo?" akasema. "Hapo hapavunwi. Kila mvua ikianza huyu analima, halafu hapandi kitu. Majani yakiota analima tena. Nilimwambia tuweke hata sukumawiki kidogo, tulikuwa tunalala njaa mwaka ule, akakataa. Anasema mwenyewe akija asikute pameliwa."

Ndugu yangu alikuwa anaangalia ziwani, anakwangua utomvu mkononi kwa kucha. Nilimwangalia mgongo wake.

Nikarudi kwenye kiti, nikaliendesha bagi mpaka katikati ya ule udongo laini, magurudumu yakazama nusu, pua ikakaribia kugusa minyaa. Nikazima injini.

"Sasa hapo utalitoaje?" akauliza. "Lori lako linaondoka."

"Liondoke. Leta kamba."

"Kamba hii hapa begani."

"Na vigingi vinne, tupime nyumba," nikamwambia.

Alisimama pale na kamba yake, akinitazama. Kisha akaishusha chini taratibu na kwenda kuchukua panga.