Siku nne za pompe ya bluu

Saa mbili asubuhi, mashine ya kusaga inaanza kunguruma katika kibanda kimoja cha Birere, mjini Goma. Nabintu Henriette anafunga kitambaa puani, anainua beseni la muhogo mkavu na kulimimina. Vumbi jeupe linapanda hadi kwenye mabati.

Kabla ya beseni la nne, anatoka mlangoni. Anavuta pompe ya bluu, kipulizia chake cha dawa ya pumu, mara mbili, kisha anachora mistari miwili ya chaki kwenye ubao wa mlango.

"Unahesabia pompe kama mufungwa mwenye kuhesabia siku!" Sikuli, mwendesha mashine, anamtania.

"Wewe uko na mapafu ya ng'ombe. Nyamaza," Nabintu anajibu akihema.

Mistari imefika mia moja sabini na sita. Pompe ina dawa ya kuvuta mara mia mbili. Baada ya hapo itaendelea kupuliza, lakini kitakachotoka ni hewa tupu. Nabintu huvuta mara sita kwa siku. Zimebaki siku nne.

Ana miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa upande wa Bukavu, na sasa anaishi mtaa wa Mapendo na watoto wake watatu. Pumu ilimwanza katika mwaka wa pili wa kazi hii. Siku njema humpa franga elfu saba, na pompe moja hula mapato yake ya siku nne.

Lakini hata mwenye pesa huikosa. Mwezi uliopita alizunguka maduka matano ya dawa. La mwisho lilimpa pompe nyingine, yenye dawa iitwayo ipratropium.

"Muuzaji alisema, 'Mama, beba tu, zote ni moja,'" anasimulia. "Nikabeba."

Siku mbili baadaye kifua kikambana kazini. Akavuta, akaketi juu ya gunia. Sikuli akazima mashine na kuitazama saa ya simu yake.

"Dakika tano, hakuna kitu. Dakika kumi, midomo inageuka rangi," Sikuli anakumbuka. "Namuuliza, 'Mama, iko inasaidia?' Anatikisa kichwa tu. Mutu muzima, hawezi kusema hata jina yake."

Sikuli alikimbilia kwa Edmond, muuguzi mwenye duka dogo la dawa jirani. Edmond alikuja na pompe ya bluu aliyokuwa amemwekea mama yake mzazi, na chupa ya maji aliyoitoboa kitako. Pompe ikachomekwa kitakoni, Nabintu akavutia mdomoni mwa chupa. Baada ya dakika kama tano, alisema neno la kwanza. Pompe hiyo ndiyo anayoihesabu sasa.

Edmond hamhukumu muuzaji yule.

"Ile ingine si dawa mubaya," anasema. "Inafungua njia ya hewa, lakini polepole: robo saa, pengine nusu. Hospitalini tunaiunganisha na ya bluu. Peke yake, kwa mutu anayezama, inachelewa."

Hata ya bluu, anaongeza, ina mipaka yake. Nguvu yake huisha baada ya saa nne hadi sita, na uvimbe wa ndani haiugusi. Anayeihitaji kila siku, ugonjwa umekwisha kumshinda. Edmond angependa kumpa Nabintu pompe inayochanganya formoterol na dawa ya kutuliza uvimbe, kwa sababu inafungua haraka na kutibu pia. Dukani kwake haijafika kwa miezi saba.

Amemshauri pia aache unga.

"Niache unga, batoto bakule nini?" anauliza Nabintu. Alimwomba mwenye mashine amhamishie kwenye mizani. "Aliniambia mizani iko ndani ya vumbi ile ile. Hakudanganya."

Haongei tena habari za kupona. Mpango alionao ni mmoja: mchana, mashine inapopoa, anamfundisha Sikuli.

"Kama siwezi kusema, unaenda kuomba nini?"

"Salbutamol. Ya bluu."

"Bakikupa ingine, banasema zote ni moja?"

"Nakatala. Naenda kwingine."

"Na kama haiko popote?"

Sikuli anapangusa unga kwenye nyusi zake.

"Nitarudi nikae na wewe, mama."