Maua ya Zambarau Kati ya Vinamasi

Mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Sandoa, alikaa Kolwezi juma zima akilalamikia vumbi la migodi. Vumbi kwenye sahani ya bukari, vumbi kwenye Biblia, vumbi kwenye kikohozi cha wajukuu. Jumapili, baada ya ibada, nikampakia kwenye pikipiki nikampeleka hifadhi ya kinamasi kando ya ziwa, ambako ndege hawawindwi na wageni wametengewa njia za kutembea kwa miguu. Nilitaka aone kwamba bado tuna maji ambayo hayajabadilika rangi. Nilitaka pia anyamaze kidogo.

Mlinzi aliyetupokea alikuwa mtu mzima, amevaa viatu vya mpira hadi magotini. Masharti yake yalikuwa mafupi: tusitoke njiani, tusipige kelele, tusichume kitu.

"Hata jani?" mama akauliza.

"Hata jani, mama."

Njia ilianza kwa mbao zilizotandikwa juu ya matope, matete huku na huku. Ndege mmoja mwenye vidole virefu alikuwa akitembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama, na mama akasimama kumtazama mpaka nikachoka kusubiri. Alisema utotoni kwao walikuwa wakitega samaki mahali kama hapa.

"Hapa hakuna mutu anachimbaka," akasema.

"Hakuna, mama." Nilifurahi kumjibu hivyo.

Ujana wangu uliishia mashimoni Kasulo, mjini Kolwezi. Mtaa mzima ulichimba madini. Shimo letu lilianzia chumbani, pale kitanda kilipokuwa, na mwishowe ukuta wa jikoni ukaporomokea ndani yake. Kwetu hakufa mtu. Kwa jirani walikufa. Tangu hapo naendesha pikipiki, na ukinitajia shimo nakasirika.

Baada ya matete, njia ilipanda kilima kidogo kati ya vinamasi viwili. Pale hapakuwa na mti hata mmoja, nyasi fupi tu, na katikati ya nyasi maua madogo ya zambarau. Nikasimama ghafla. Maua hayo kila mchimbaji wa kwetu anayajua: yanapenda udongo wenye shaba, ambao mimea mingine inaukimbia. Kijana wa Kasulo akiyaona hahitaji mtaalamu wala mashine, anarudi na sururu. Akija mmoja, mji mzima unamfuata, na kinamasi ndiyo basi tena.

Mlinzi aliyekuwa akituongoza alikuwa ametangulia. Nilipogeuka, mama alikuwa ameinama, kiganja kimejaa maua.

"Weka chini," nikamwambia.

"Ni kidogo tu. Nitatia mu glasi, pa meza."

Meza yangu iko karibu na mlango, mlango hushinda wazi, na majirani zangu ni wachimbaji. Na mama yangu, Mungu amweke, hana kifua. Akiulizwa ameyatoa wapi, atataja njia, kona na hata jiwe alilopita. Kumweleza yeye kungekuwa sawa na kuwaeleza wote. Kwa hiyo nikafoka. Nikamwambia ananiaibisha mbele ya watu, mtu mzima asiyesikia anachoambiwa. Akageuza uso, na iliniuma.

Hapohapo likanijia wazo jingine: mahali hapa napajua mimi peke yangu. Pikipiki imechoka, watoto wanakohoa, na sururu bado iko nyuma ya mlango. Wazo hilo lilinikaa vizuri kama viatu vya zamani.

Mlinzi akarudi. Akayatazama maua mkononi mwa mama, kisha akaitazama mikono yangu yenye makovu.

"Weye ni wa Kasulo."

"Ndiyo, tata," nikamjibu kama ninayemjibu baba.

"Mi pia. Nyumba yangu iliangukaka kule."

Akayapokea maua ya mama taratibu, akayatia mfukoni. Kisha akainama, akang'oa shina zima na mizizi yake, akalifuata jingine.

"Kila mwaka inaotaka, kila mwaka mi natoaka," akasema. "Mwaka huu imenishinda. Mugongo inaniuma."

"Tata, si ulisema hata jani?" mama akauliza.

"Nilisema, mama."

Hakuniomba ninyamaze, wala hakuniuliza kama nitarudi. Alihamia shina lililofuata, mkono mmoja kiunoni. Nilielewa anaficha nini, na anawaficha nani. Halafu nikavua koti la kanisani, nikapiga magoti na mimi. Udongo ule vidole vyangu vilikuwa havijausahau. Tuling'oa, tukafukia kila tundu, na mama amekaa juu ya jiwe, amenuna, anatutazama.

Njiani kurudi mama alijishikilia kwenye kiti, si kwangu. Nyumbani tulimkuta jirani mlangoni pake akifua nguo zake za shimoni. Akamuuliza mama kule tulikotoka kuna nini, na mbona hakuwaletea hata zawadi.

Mama akashuka kwenye pikipiki, akajifuta vumbi. Mimi nikashika usukani kwa nguvu.

"Bandege," akasema. "Bandege tu, na matope."

Akaingia ndani. Nikamfuata. Alikuwa ameketi kwenye meza yangu tupu, akifungua kilemba.

"Batu bakubwa babili habapigake magoti bure," akaniambia. "Siku ingine unielezee, usinifokee."