Kiganja Chini ya Mashine

Mtu akiingia dukani kwangu, jambo la kwanza huuliza bei. Papa Stanislas hakuuliza. Alivua kofia, akanisalimu, akanyanyua kompyuta ndogo iliyokuwa inawaka juu ya kaunta, akaingiza kiganja chini yake na kufumba macho. Nikangoja. Naye akaendelea kufumba.

"Papa, ile si mugonjwa," nikamwambia. "Unapima homa?"

"Ngoja, Mama Carmen. Moto inakujaka pole pole."

Huu ni mwaka wa kumi na moja nauza kompyuta hapa Likasi, na subira si kitu nilichojaliwa. Nilifuta kaunta. Nilipanga nyaya zilizokwisha kupangwa. Mzee alikuwa amesimama pale pale, mkono chini ya mashine yangu, na mwezi wa kumi ulikuwa unatuchoma wote wawili.

Alipofumbua macho ndipo akanieleza. Alikuwa ameendesha lori miaka thelathini na miwili, akibeba shaba kutoka Kambove hadi mpakani Kasumbalesa. Kila aliposimama alilizunguka lori na kugusa magurudumu yote kwa kiganja, moja baada ya jingine. Kuna moto ya kazi, alisema, na kuna moto ya ugonjwa. Ya kwanza unaiacha, ya pili inakulaza njiani. Macho yalipoanza kumpotea kampuni ilimpumzisha, lakini kiganja kilibaki na ujuzi wake.

"Natafuta mashine kidogo, lakini ya nguvu. Ya kuchezea jeu."

"Ya mujukuu?"

"Hapana. Ya minye." Akajigusa kifua.

Nilitaka kucheka, nikajizuia, kwa sababu yeye hakucheka. Nikamwambia ukweli, maana kumdanganya mteja ni kujitafutia ugomvi wa kesho. Kompyuta ndogo yenye nguvu ya michezo hupata joto upesi. Ndani hakuna nafasi, feni zake ni ndogo, na hewa ya Likasi ina vumbi. Kama unataka ya kudumu, chukua hii kubwa, nene, nzito. Nikamwekea mbele yake.

Akaipima kwa macho, akatikisa kichwa. Nyumbani kwake, mtaa wa Kikula, mtandao hushika mahali pamoja tu, dirishani sebuleni, na hapo pana meza ndogo ya marehemu mke wake, upana wake wa sinia tu. Kubwa ingeanguka.

Basi akakaa kwenye benchi na kunieleza. Mtu aliyeketi peke yake muda mrefu, ukimpa benchi umempa kila kitu.

Mtoto wake wa pekee, Dan, yuko Kanada mwaka wa sita. Mke wake, Angèle, alifariki mwaka wa pili wa safari hiyo, na Dan hakuweza kuja kuzika kwa sababu ya makaratasi. Kwa simu Dan husema ça va, niko sawa, Papa, halafu kimya, halafu anakata. Lakini alipoondoka aliacha kompyuta yake ya zamani yenye mchezo wa malori. Kila Jumapili saa kumi alasiri, huko kukiwa asubuhi, baba na mwana huendesha malori mawili yakifuatana katika barabara za Ulaya, zenye theluji.

"Tukiwa mu njia, anasemaka," Papa Stanislas alisema. "Anasema mpaka nashangaa."

Nilimwelewa. Nina kaka watatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia neno la maana huku akinitazama.

Alisema pia kwamba Dan humcheka sana, kwa sababu hata katika mchezo yeye husimama kila kituo. Dan huuliza, Papa, unafanya nini? Naye hujibu, napima magurudumu.

Sasa ile kompyuta ya zamani imeanza kuchemka na kujizima. Mwezi uliopita Dan alisema, "Papa, ile asubuhi Mama alikufa, minye..." na kioo kikawa cheusi. Jumapili iliyofuata akaanza tena, kikawa cheusi tena. Kisha Dan akaandika ujumbe. Nilionyeshwa. Aliandika kwamba kama Papa anafunga mashine kwa sababu hataki kusikia, basi atanyamaza.

"Anawaza ni minye njo nafunga makusudi," mzee akasema. Akakunja kofia yake mara mbili. "Na minye, Mama Carmen, nitamujibu nini? Ile asubuhi sikukuwako. Nilikuwa Kasumbalesa, mu file ya bakamyo, malori nyuma ya malori, siku ya tatu. Angèle alikufa mu mikono ya jirani. Nilifika, sanduku ilishafungwa. Dan hajue. Anawaza nilimushika mukono."

Nikamfungia ile ndogo kwenye boksi lake, na nikamwandikia dhamana ya miezi mitatu, ambayo kwa kawaida simpi mtu.

Wiki moja baadaye akairudisha. Inachemka, alisema, inajizima baada ya robo saa. Nikaichezesha malori siku nzima juu ya kaunta. Haikukohoa hata mara moja. Nikamrudishia. Wiki iliyofuata, yuko mlangoni tena na boksi kwapani. Hapo nikaifungua, nikasafisha feni, nikapaka upya ile dawa ya kupitisha joto, nikaungua kidole. Nikaichezesha siku mbili. Haina ugonjwa. Mara ya tatu alikuja mikono mitupu, akasimama karibu na benchi bila kukaa.

"Dan amesema Jumapili hii njo ya mwisho. Ikizima tena, haitakuwa shida, hatauliza tena. Nipatie ingine, Mama."

Nikapandwa na hasira, na nasema wazi haikuwa hasira nzuri. Ilikuwa hasira ya mtu anayeambiwa mashine yake ni mbovu, na anajua si mbovu.

"Mashine iko muzuri! Shida iko kwako, Papa. Jumapili naenda kuona na macho yangu."

Jumapili nilitoka misa nikala haraka, nikafika kwake saa tisa na nusu. Nyumba ilikuwa safi mno. Kikombe kimoja kwenye sahani moja. Kiti kimoja kilichosogezwa, vingine vitano vimebanwa mezani kama siku ya kununuliwa. Na vitambaa vya kroshe kila mahali, vyeupe, vimetiwa wanga: chini ya redio na juu ya redio, chini ya televisheni na juu yake, chini ya termosi, chini ya chujio la maji. Sikushangaa. Kwetu pia mama yangu asingeweka redio juu ya mbao tupu, angeona aibu mbele ya wageni.

Na pale dirishani, juu ya ile meza ndogo kama sinia, kompyuta yangu ilikuwa imezama katika kitambaa kinene kuliko vyote, chenye maua yaliyofumwa mara mbili. Kitambaa cha pili kilikuwa kimetandikwa mgongoni mwake, kuzuia vumbi jekundu la dirishani.

"Papa!" nilipiga kelele. "Unaikaba mashine shingo!"

"Si kwa sababu ya vumbi, Mama?"

Nikamweleza, si kwa upole. Hewa inaingia kwa chini. Joto linatoka kwa nyuma. Umeziba mlango wa kuingilia, na umeziba mlango wa kutokea. Ile ya zamani ilikufa hivyo hivyo! Na huo mkono wako unaopima magurudumu ya dunia nzima, ulikuwa wapi? Akajibu kwa haya kwamba hapa alikuwa anagusa juu tu. Chini hakukuwa na nafasi ya kuingiza kiganja bila kuvuruga kitambaa.

Nikanyoosha mkono kukivuta. Akanishika kifundo cha mkono, mzee yule, kwa nguvu ambayo sikuitegemea.

"Pole pole. Ni ya Angèle."

Akaniachia. Akasema kwamba tangu siku ya msiba hajakiondoa. Hukinyanyua Jumamosi, anafuta meza, anakirudisha vile vile, lile doa la chai kwenye kona ile ile. Angèle alikianza wakati Dan anaondoka, na ndicho cha mwisho alichokimaliza. Nikaona aibu kwa kelele zangu. Lakini saa ilikuwa inakwenda, na sikuweza kukiondoa kwa niaba yake.

Alikaa akikitazama. Nje watu walikuwa wanapita wakitoka kwenye ibada ya mchana, wanacheka. Kisha akainyanyua kompyuta, akanipa niishike. Akakikunja kitambaa mara nne, taratibu, doa la chai likiwa ndani, akakiweka juu ya mapaja yake. Kile cha mgongoni akakitundika kwenye kiti. Chini ya mashine mimi nikapanga vifuniko vya soda, viwili viwili kila pembe. Meza ilibaki na alama nyeupe mahali kitambaa kilipokaa miaka minne.

Saa kumi ikapiga. Feni ikaanza kuvuma, pazia likatikisika kidogo.

"Papa, uko na courant leo, umeme haijakatika?" Sauti ya Dan ikatoka kwenye mashine, nzito kwa usingizi.

"Niko nayo. Tuende."

Ningeweza kuondoka. Nilikaa karibu na mlango kwa sababu nilitaka kuona mashine inafika saa nzima, ndivyo nilivyojiambia. Malori yakaondoka katika theluji. Robo saa ikapita. Nusu saa. Walizungumza juu ya bei ya unga, juu ya bosi wa Dan, juu ya meno ya Papa. Kioo hakikuzima. Halafu malori yakapanda mlima mrefu, moja nyuma ya jingine.

"Papa, ile asubuhi, Mama aliniita. Niliona jina yake ku simu. Nilikuwa ku kazi ya usiku, nikawaza nitamurudishia ku pause, saa ya kupumuzika. Sikuchukua, Papa. Niliona na sikuchukua."

Feni ilivuma. Papa Stanislas hakuuondoa mkono kwenye usukani wake wa vitufe. Mkono wa pili ulikuwa umekibana kile kitambaa mapajani.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Ni minye njo nilibonyeza namba. Vidole vyake havikukuwa na nguvu. Nilimushikia simu ku sikio. Vile haukuchukua, nilimwambia, Dan iko ku kazi. Akasema, muache afanye kazi yake, huyu mutoto. Akacheka kidogo. Nilikuwa nimemushika mukono."

Kijana akaanza kulia, kule mbali, kwa sauti ya mtu mzima asiyezoea. Mimi ninayegombana na wateja kwa uongo wa chaja iliyopotea nilimsikia mzee huyu kwa masikio yangu, na nilijua vizuri asubuhi ile alikuwa wapi. Kwenye foleni ya malori, siku ya tatu. Aligeuza kichwa, akanitazama mara moja tu. Alikuwa ametoa mlango wake mwenyewe wa kutokea, akampa mtoto, na kuanzia siku hiyo hataweza tena kumwambia kwamba hakuwako. Nikatazama feni.

Lori lililokuwa mbele likapunguza mwendo.

"Papa," Dan akasema akipenga kamasi. "Kuko station ya mafuta pale. Tusimame. Upime magurudumu."

Papa Stanislas akaegesha lori lake katika theluji, nyuma ya lile la mwanawe. Kisha akaingiza kiganja chini ya mashine, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda mrefu, na machozi yakamshuka hadi shingoni bila yeye kuyafuta.

"Ni moto ya kazi tu, mwana wangu," akasema. "Tunaweza kuendelea."