Mteja Hajagusa Kitu

Mjukuu wangu alifeli mtihani wa mtandao kwa sababu ya adabu. Nasema mapema msije mkahangaika kutafuta mchawi, maana mtaani kwetu Ujiji walimtafuta wiki nzima.

Binti huyu nimemlea mwenyewe, na kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza, kwa hiyo tunachambana tukipenda. Alikuwa kibarua kwenye kampuni ndogo huko Mwanga. Wanafunga intaneti maofisini: wanatoboa kuta, wanapitisha waya, wanapachika vile visanduku vyenye taa za kijani zinazokonyeza kama mwanamume wa sokoni. Bosi wake mwembamba, anaongea kwa pua utadhani ana mafua ya kudumu. Akamwambia, "Binti, ajira ipo moja. Niletee cheti cha mtihani wa vitendo, ni yako. Ukifeli, rudia mara moja. Ukifeli tena nachukua mtu Kasulu." Hilo la Kasulu ndilo lilimuuma zaidi.

Mtihani wenyewe si wa kalamu. Unapewa waya na plaizi, unabana vichwa vya waya, unaunganisha kompyuta mpaka ziongee. Halafu mwisho mtahini anakaa kwenye kompyuta moja anajifanya mteja. Keshaharibu kitu kwa makusudi, na wewe ukitafute kabla saa haijaisha.

Siku ile alirudi mie naanika dagaa uani. Hakusalimia. Akaingia ndani akalala na hijabu yake kichwani. Nikamwambia mtu mmoja tu, na huyo mmoja nilimchagua vibaya. Kesho yake asubuhi wakaanza kuja. Jirani yangu mmoja, Muha, ana sauti ya kilio hata akiomba chumvi, akaja na sahani ya unga wa muhogo akavua kandambili mlangoni, akasalimia kwa Kiha. "Mwakeye, mama. Poleni. Poleni saaana." Akakaa mkekani, akajifunika khanga. Nikamuuliza, maiti iko chumba gani? Akasema nisifanye mzaha, mtoto kafungwa, na yeye anamfahamu mganga huko Mwamgongo anayefungua. Kwamba wapande boti mpaka kule kwa ajili ya waya. Unga nikapokea, boti nikakataa.

Wageni walipopungua nikaingia chumbani nikamvuta mke mwenzangu miguu. Nikataka anieleze hicho kilichomfunga. Akaeleza akiwa kageukia ukutani. Sehemu zote za kwanza alizimaliza vizuri. Ikaja ile ya mwisho. Mtahini ni mzee mwenye kibaraghashia na kitambi, kakaa kwenye kiti kama mwenye chuo. Akamwambia mtandao wangu haushiki, na mimi sijagusa kitu. Basi yeye akaamini. Akaenda kufukua kwenye kile kisanduku kikubwa wanachokiita ruta, akafuta hiki, akaandika kile, hata vilivyokuwa vizima akaviua. Saa ikaisha. Na yule mzee alikuwa kachomoa waya nyuma ya kompyuta yake mwenyewe, kauwekea goti.

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nikamuuliza kwa nini hakutazama kwanza pale alipokaa mzee, hata mie nisiyejua kuandika jina langu ningetazama pale. Akageuka akaniangalia.

"Bibi, mzee kasema hajagusa. Mimi ni nani nimwambie kagusa?"

Kicheko kikaniishia hapohapo. Maneno yale ni yangu. Alipokuwa na miaka sita hivi, sukari ilipungua kwenye kopo, nikasema mie sijui, labda panya. Akasema mbele ya wageni, bibi umelamba wewe, nimekuona. Na kweli nililamba. Nikamfinya paja akajua kumbe kuna dunia nyingine. Nikamwambia mtu mzima akisema hajagusa, hajagusa. Kumbe lile finyo lilikuwa linamsubiri huko Mwanga, kwenye chumba cha kompyuta.

Kwa hiyo deni la adabu lilikuwa langu. Nikamwambia alete vyombo nyumbani, nitamfundisha. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu afeli. Bosi akamwazima kompyuta mbili kuukuu na swichi, kile kisanduku cha kugawa waya. Tukavipanga kwenye chumba ninachoweka madumu ya mawese. Kila siku baada ya alasiri anatoka nje, mie naharibu, halafu nakaa kwenye kiti nakuwa mteja.

Kuharibu nilijua siku hiyohiyo. Unachomoa, unachomeka pengine, unazima ukutani. Kazi ilikuwa kudanganya, na hiyo sikuhitaji mwalimu. Siku moja nilikuwa bwana mkubwa wa benki, natoa sauti tumboni: "Mimi nina kikao saa hii, na sijagusa chochote." Siku moja nesi aliyechoka, nasema bila kumtazama. Siku moja mke wa mkuu wa ofisi, namuuliza kwani kampuni yenu haina mwanamume. Mke mwenzangu anasimama mlangoni na plaizi mkononi, anafikicha kidole. "Labda, bibi... kama utaruhusu... samahani..." Wiki ya kwanza hakunisogelea hata hatua moja. Anazunguka huko kwenye swichi, waya nimeukalia.

Nikamwambia hakuna mtu anayekutaka utukane wazee. Mzee mwambie sawa, halafu katazame. Akasema haiwezekani, ukitazama ni sawa na kumwambia mwongo. Nikamuuliza, daktari akikupima homa amekuita mwongo? Akafikiri. Tukaanza kutafuta maneno, maana shida yote ilikuwa maneno, mikono yake haina shida. Tukajaribu mengi. Mengine yalikuwa makali, nikamfukuza kama mteja angemfukuza. Mengine yalikuwa matamu mno, unasikia usingizi kabla hajamaliza.

Taratibu akalegea. Anasalimia, anakubali ulichosema, halafu huyo chini ya meza. Nikazungusha waya kwenye mguu wa meza, akaupata. Nikauficha nyuma ya dumu la mawese, akaupata, akatoka na mafuta kwenye kiwiko, kompyuta ya bosi nayo inanukia mawese mpaka leo.

Halafu ikaja siku ambayo sijagusa kweli. Nilikuwa nimechoka, nimekaa tu. Akaingia, taa za kisanduku zimezimika. Nikamwambia leo mwenzangu sijagusa, naapa. Akasema sawa bibi, hujagusa. Akapiga magoti akaanza kunikagua mie, chini ya kiti, chini ya khanga, mpaka viganja akavifungua. Mita ilikuwa imekwisha umeme. Hata alipoona hivyo akaniuliza kama nimeibonyeza.

Sitadanganya, nilinuna. Nimemlea mtu tangu hajaota meno, leo naapa na haniamini. Niliingia jikoni nikasonga ugali kwa hasira, ukawa mgumu. Hata hivyo nilijua kaiva, yeye na ugali.

Siku ya kurudia mtihani sikumwambia mtu, hata yule mmoja. Akaondoka asubuhi kwa bodaboda. Mie nikaenda kugeuza dagaa, nikawageuza na waliokwisha kugeuzwa.

Yaliyotokea alinisimulia baadaye, na mie nikamlazimisha arudie sauti ya yule mzee mpaka nikaipata. Ni yuleyule wa kibaraghashia. Na sauti yake ni ya kupanda ngazi, kila neno anapumzika. "Mtandao. Wangu. Haushiki. Na mimi. Sijagusa." Mjukuu wangu akampa shikamoo, akasema sawa baba. Akaomba asogee kidogo. Mzee hakusogea. Akakunja uso kama kamwagiwa maji.

"Binti, unaniita mwongo?"

Hapo, anasema, maneno yote tuliyotafuta chumba cha mawese yalimkimbia. Akamtazama mzee, akaona tumbo, akaona kibaraghashia, akasikia paja lake linauma pale nilipomfinya miaka ile. Akataka kwenda kwenye ruta. Hatua moja alishapiga. Akarudi.

"Hapana, baba. Wewe hujagusa. Waya ndio hauna adabu. Naomba nikuondolee."

Maneno hayo sikumfundisha mie, ni yake. Mzee akasogeza kiti. Mjukuu wangu akainama akakuta waya wa kompyuta umechomekwa kwenye tundu la simu ya mezani. Akauchomoa, akaurudisha mahali pake, taa ikawaka, saa bado inatembea.

Mie hayo yote sikuyajua bado. Nilimwona tu anaingia uani na karatasi, uso mkavu, kasimama kati ya mikeka ya dagaa. Nikauliza. Akasema, "Nimepita, mke mwenzangu." Kwa sauti ndogo hivyo.

Moyo ulitaka kuruka, nikaukalia. Nikamwambia sawa, umepita, lete nitazame. Nikaishika karatasi, nikaigeuza juu chini, chini juu. Maandishi kibao na muhuri. Kulikuwa na mwalimu mstaafu kaja kununua mawese, kavaa miwani imefungwa uzi. Nikampa. Mke mwenzangu akaweka mikono kiunoni akaniuliza, bibi, huniamini? Nikamwambia nakuamini sana, soma mwalimu.

Mwalimu akasoma kimyakimya, midomo inacheza, mpaka chini. Akasema kapita, na bosi hana sababu tena ya kwenda Kasulu. Nikamwambia arudie kusoma, safari hii kwa sauti, na aanzie pale kwenye jina.